Rangi Inavyochuja

Ukiulizwa ni dakika ipi hasa rangi ilipotoweka katika filamu ya Fateless, huna jibu. Ufundi wa mwongozaji Lajos Koltai umejificha hapo.

Tunaanzia Budapest, 1944. Baba yake Gyuri, mhusika mkuu, ameitwa kwenye kambi ya kazi za shuruti, na jamaa wamekuja kumuaga. Mwanga wa chumbani ni wa rangi ya asali, na nyota ya njano ya Wayahudi kifuani mwa kijana huyu wa miaka 14 unaweza kuidhani pambo. Muda si mrefu anashushwa kwenye basi akienda kazini. Halafu kambi za mateso: Auschwitz, Buchenwald, Zeitz. Kila kituo picha inachuja kidogo, kama kanga ifuliwayo kila siku, hadi kinabaki kijivu chenye ubuluu wa baridi, na huwezi kutaja siku ilipopauka.

Koltai alitoka nyuma ya kamera. Alipiga filamu za István Szabó, ikiwemo Mephisto ya 1981, na hii ya 2005 ndiyo ya kwanza aliyoiongoza. Kamera alimwachia Gyula Pados. Mswada aliuandika Imre Kertész mwenyewe, kutokana na riwaya yake ya 1975. Naye alipelekwa Auschwitz akiwa na miaka 14. Katika riwaya, maovu hayamfikii Gyuri kwa mkupuo. Yanakuja hatua kwa hatua, na kila hatua anaiona ya kawaida tu. Mwongozaji mwingine angempa mtu maneno hayo ayatamke. Koltai kayatia kwenye rangi.

Tazama wafungwa wanapohesabiwa uwanjani. Wamesimama saa nyingi mno, miguu imekwisha nguvu, wanayumba huku na huku kama matete. Kamera haina haraka nao. Kisha giza, na tukio jingine fupi, na giza tena. Filamu nzima inapumua hivyo.

Muziki wa Ennio Morricone ndio unaonikera kidogo. Mzuri, naam, lakini mara nyingine unatangulia kulia kabla sijaumia.

Vita vinakwisha, Gyuri anarudi Budapest na koti lake la mistari. Ndani ya tramu anadaiwa tiketi. Hana. Abiria asiyemjua anamlipia.