Istilahi "Rekodi ya Kinyume": Je, Yafaa?

Mfasiri wa miongozo ya kompyuta hushawishika upesi kuandika "rekodi ya kinyume". Yakusudiwa ile rekodi ambayo, ukiipa anwani ya namba ya mashine, hukupa jina lake. Ilhali rekodi ya kawaida hupokea jina, ikatoa namba. Kwa maoni yetu istilahi hii haifai.

Neno "kinyume" hudokeza upinzani: kinyume cha sheria, kinyume cha ukweli. Rekodi hii haipingi ile ya kwanza, bali huithibitisha. Seva nyingi zipokeapo barua pepe huuliza jina la anwani itumayo, kisha huuliza anwani ya jina hilo. Majibu yasipoafikiana, barua huweza kukataliwa. Ni kweli kwamba namba hupinduliwa, 192.0.2.25 ikaandikwa 25.2.0.192.in-addr.arpa, lakini huo ni utaratibu wa kuandika, si maana.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba istilahi hii humficha mwenye mamlaka. Mtumishi wa ofisi inayojiendeshea seva yake atadhani ni upande wa pili wa rekodi za kikoa chake, azihariri bure huku barua zake zikirudishwa. Kumbe mwenye kuiandika ni yule aliyekabidhiwa anwani zenyewe, kwa kawaida kampuni iuzayo huduma ya intaneti. Huyo ndiye wa kuombwa.

Twapendekeza "rekodi ya jina la anwani". Ni ndefu kidogo, lakini humfanya msomaji aulize swali lipasalo: anwani hii ni ya nani?