Hongereni, walimu wa Muhuta

Mwalimu wa shule ya msingi huko Muhuta, kando ya ziwa nchini Burundi, ana kazi ya lugha nne. Mtoto huanza kusoma kwa Kirundi. Miaka michache baadaye masomo yanageukia Kifaransa, na Kiingereza na Kiswahili navyo vimo kwenye ratiba. Mtoto wa ufukweni Kiswahili amekwishakisikia kwa wavuvi na wachuuzi wa ndagala (dagaa) kabla hajashika kalamu. Mwenzake wa kule juu milimani hukikuta darasani. Mwalimu anawapokea wote.

Mwaka 2005 serikali ya Burundi ilipofuta karo ya shule za msingi, watoto walifurika. Shule nyingi nchini zikafundisha kwa zamu: kundi la asubuhi likitoka, la mchana linaingia, na mara nyingi mwalimu ni yule yule. Anafuta ubao, anakung'uta vumbi la chaki mikononi, kisha anaanza upya herufi zile zile kwa uchangamfu ule ule wa asubuhi. Kwa hilo nawavulia kofia, walimu wetu. Na wazazi wanaouza mawese ili mtoto apate daftari, hongera zenu pia.