Utendi wa Tambuka na Vita Visivyopiganwa

Utendi wa Tambuka, unaoitwa pia Chuo cha Herekali, ni miongoni mwa kazi kongwe za ushairi wa Kiswahili zilizohifadhika katika hati. Ulitungwa Pate na Bwana Mwengo wa Athumani kwa matakwa ya mfalme wa mji huo, na tarehe yake ni mwaka 1728. Wataalamu wameshughulika sana na umri wake, hati zake na lugha yake ya kaskazini. Juhudi hizo zastahili shukrani. Lakini liko swali jingine lisilohusu umri wa karatasi wala rangi ya wino. Utendi huu wamfundisha msomaji nini juu ya safari ya Tabuki, na je, fundisho hilo ndilo lililoletwa na safari yenyewe?

Habari za safari hiyo zajulikana. Mwaka 629 Waislamu walipambana na majeshi ya Warumi huko Muuta, na Jaafar bin Abi Talib, binamu yake Mtume Muhammad, akauawa. Mwaka uliofuata, yaani mwaka wa 9 wa Hijra, Mtume aliongoza watu wapatao 30,000, kwa hesabu iliyozoeleka, kutoka Madina kwenda Tabuki, njia ya jangwa yenye zaidi ya kilomita 500. Joto lilikuwa kali, maji haba, na vipando vichache. Ndiyo sababu jeshi lile likaitwa Jeshi la Dhiki. Walipofika hawakumkuta adui. Wakakaa hapo siku chache, wakapatana na baadhi ya watu wa mipakani, kisha wakarejea. Upanga haukukutana na upanga.

Katika utendi mambo ni mengine. Damu ya Jaafar yadai kisasi. Barua yapelekwa kwa Herekali, mfalme wa Warumi. Majeshi yakutana uwanjani, na Ali bin Abi Talib awapita maadui kama moto upitavyo katika nyasi kavu. Umbo la shairi lamsaidia mtungaji. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani nane. Vitatu vya kwanza vyaitikiana kwa kina kimoja, na cha nne chashika kina kinachoendelea mpaka mwisho. Beti hizo, zaidi ya elfu moja, zafuatana kama hatua za askari, na msikilizaji avutwa mbele bila ya kupewa nafasi ya kuuliza.

Si haki kumhukumu Mwengo kana kwamba aliahidi kuandika tarikh. Alifuata mapokeo ya visa vya maghazi yaliyoenea katika nchi nyingi za Waislamu, ambamo mashujaa wa kale hupewa vita vilivyo vikubwa kuliko vile walivyopigana. Zaidi ya hayo, alitunga katika zama za misukosuko. Mwaka 1728 Wareno waliitwaa tena Mombasa kwa msaada wa Pate, na mwaka 1729 wakafukuzwa. Mji uliolazimika kufanya urafiki na mgeni mwenye mizinga huenda ukapenda kusikia habari za imani isiyopatana na mfalme yeyote. Haja ya namna hiyo hapana wa kuicheka.

Hata hivyo, lipo lililopotea. Mtihani mkubwa wa Tabuki haukuwa uwanjani. Ulikuwa Madina, kwa wale waliobaki. Wako maskini waliokwenda kuomba vipando, wakakosa, wakarudi wakilia kwa kuwa hawakuwa na njia ya kwenda. Na yuko Kaab bin Malik, mshairi, aliyekuwa na kila njia ya kwenda. Mwenyewe alisimulia kuwa hakupata kuwa na nafasi kama wakati ule. Vipando alikuwa navyo viwili. Matunda yalikuwa yameiva na vivuli vilikuwa vitamu. Kila siku alisema atajiandaa kesho, hata jeshi likawa mbali.

Mtume aliporejea, watu zaidi ya themanini walikuja na nyudhuru, zikapokewa kwa dhahiri yake, na siri zao akaachiwa Mungu. Kaab alikiri kuwa hana udhuru. Yeye, pamoja na Murara bin Rabii na Hilal bin Umayya, wakahamwa: kwa siku hamsini hapana aliyesema nao. Katika siku hizo mfalme wa Ghassan alimpelekea Kaab barua ya kumwalika kwake apate heshima. Akaitia katika tanuri. Ndipo toba yao ikapokelewa, na habari yao imo katika Sura ya Tawba.

Njia ya mwongo ni fupi, wasema Waswahili. Katika kisa hiki njia fupi ilikuwa ya wenye nyudhuru, nayo haikuwafikisha popote. Njia ndefu ya siku hamsini ilikuwa ya msema kweli. Hapo ushujaa unahitaji mizani nyingine isiyo ya upanga. Wala haiwezi kusemwa kuwa bahari ya utendi haina nafasi ya mambo ya kimya. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, ni mama mgonjwa akimwusia binti yake, na umbo ni lile lile. Kwa hiyo lililoelemea upande mmoja si umbo, bali ni chaguo la mtungaji na la baraza lililomsikiliza.

Msomaji wa Wingwi, kaskazini ya Pemba, ana sababu ya kulipima chaguo hilo. Kisiwa chake ni cha karafuu, na pande zake mwenyewe, katika Wilaya ya Micheweni, ni nchi ya mawe na bahari. Kwake yeye mavuno yaliyoiva ni riziki ya mwaka, na kuyaacha ni jambo zito. Aweza basi kuonja utamu uliomfunga Kaab. Ajua pia kuwa maji hayamngoji mvuvi: asemaye atashua dau baadaye huliona limekaa juu ya mchanga. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwanafunzi wa Wingwi aelezwapo Tabuki kwa mapigano ya Herekali, hupewa adui asiyepata kumwona maishani. Aelezwapo kwa habari ya Kaab, hupewa adui aliye naye nyumbani, naye ni neno “kesho”, na udhuru ulio tayari mdomoni.

Utendi wa Tambuka usiondolewe madarasani. Ni hazina ya lugha na ushahidi wa ustadi wa Pate. Lakini usisomeshwe peke yake. Mwalimu ausome kwa sauti, wanafunzi waufurahie mwendo wake, kisha awaambie wazi kuwa vita hivi havikupiganwa, na awasimulie siku hamsini za Kaab. Mwanafunzi akiulizwa baada ya hapo ni nani shujaa wa Tabuki, jibu lake litaonyesha kama amefunzwa kupenda vita au amefunzwa kusema kweli.