Faksi imeenda, lakini je, imefika? Istilahi zetu zahitaji vitenzi

Mwanafunzi aliyezipitia orodha zetu za msamiati wa teknolojia anaweza kukutajia majina ya mashine ya faksi bila kusita: nukulishi, kipepesi na faksi yenyewe. Mwombe mwanafunzi huyohuyo akueleze kwa Kiswahili jinsi ya kutuma faksi kutoka kwenye tarakilishi kupitia printa ya ofisi, nawe utamwona akigugumia. Ana nomino tatu za kifaa kimoja, ila hajafundishwa kuisimulia kazi ya kifaa hicho. Hii ndiyo kasoro ninayotaka kuijadili leo. Waundaji wetu wa istilahi wamekuwa hodari wa kuzipa mashine majina, na wavivu wa kushughulikia vitenzi.

Tuanze na kifaa chenyewe. Wazo la faksi ni kongwe kuliko simu ya sauti. Mskoti Alexander Bain alipata hataza yake mwaka 1843, ilhali Bell alipata ya simu mwaka 1876. Hata hivyo, enzi za faksi maofisini zilishamiri baada ya kiwango cha kimataifa cha Kundi la 3 kuidhinishwa mwaka 1980, mashine za kampuni mbalimbali zikaweza kuelewana. Wakati huo faksi ilikuwa kitu cha kugusika: sanduku mezani, mkono wa simu ubavuni, karatasi ikitoka kwa kelele. Mwanaistilahi aliliona sanduku, akalipa jina. Nukulishi linatukumbusha nukulu, yaani nakala. Kipepesi lina ki- ya vifaa na mzizi unaotupeleka kwenye kupepea, kama ilivyo pepe katika barua pepe. Ubunifu huu siubezi. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu alitupa neno runinga kwa bidii ya aina hiyohiyo, na leo hakuna Mkenya anayeliona geni.

Tatizo ni kwamba lile sanduku limetoweka. Ingia katika ofisi nyingi za Kericho au Bomet leo, utakuta mashine moja inayochapa, inayonakili, inayoskani na kutuma faksi. Kipepesi kimemezwa na printa. Tena karani anayetuma faksi si lazima aisogelee mashine hiyo. Akiwa kitini, anaifungua hati kwenye tarakilishi na kutoa amri ya kuchapisha. Katika orodha ya printa anachagua ile iliyoandikwa faksi. Anaingiza nambari, pengine akitanguliza tarakimu ya kupata laini ya nje, kisha 020 ikiwa barua inaenda Nairobi. Printa, ambayo sharti iwe imeunganishwa na laini ya simu, inageuza ukurasa kuwa vidoto vyeusi na vyeupe, inapiga simu, inasalimiana kwa milio na mashine ya upande wa pili, kisha inapeleka. Hesabu maneno ya kazi katika maelezo hayo: fungua, chagua, ingiza, tanguliza, geuza, piga, salimiana, peleka. Yote ni vitenzi vya Kiswahili cha kila siku. Neno kipepesi halikuhitajika hata mara moja.

Huenda msomaji akauliza, kuna hasara gani hapo? Mchukulie mkulima wa chai aliyekuja Litein kubadilisha akaunti ya benki ambamo malipo yake ya majani huingizwa. Fomu yahitajika Nairobi kabla ya siku ya malipo. Karani anabonyeza, kioo kinaonyesha kwamba kazi imetumwa, naye anamwambia, "Baba, faksi imeenda." Mzee anauliza, "Imeenda wapi, mwanangu?"

Swali la mzee lina uzito kuliko orodha zote za msamiati. Ujumbe ulio kwenye kioo cha tarakilishi huenda unamaanisha tu kwamba hati imetoka kwenye tarakilishi na kukabidhiwa printa iliyo mita mbili kutoka hapo. Laini ya Nairobi yaweza kuwa na shughuli, mashine ikasubiri na kupiga tena, na hatimaye ikakata tamaa. Karani mwangalifu husubiri karatasi ya uthibitisho kutoka kwa printa. Na hata hiyo husema tu kwamba mashine ya pili imepokea kurasa. Haisemi kwamba kuna mtu aliyeziokota na kuzisoma. Mzee akirudi nyumbani akiamini mambo yamekwisha, pesa zake zaweza kuingia katika akaunti aliyokwisha kuifunga.

Kiswahili kina uwezo mkubwa wa kutenganisha hatua hizi. Imetumwa si imefika. Imefika si imepokewa. Imepokewa si imesomwa. Lakini nani anawafundisha makarani wetu kuandika hivyo? Nimewahi kusoma, katika ofisi ambayo sitaitaja, tangazo lililosema kwamba hati ya mteja "imetumika" kwa faksi. Aliyeandika alikusudia imetumwa. Kitu kilichotumika ni kitu kilichofanyiwa kazi, pengine kikaisha. Herufi chache tu, na maana imepinda.

Wafasiri wa programu nao hawajapona. Kwenye simu zetu tunaombwa "kuchanganua" msimbo, yaani kuuskani. Kila aliyesoma sekondari nchini anajua kuchanganua ni nini: unapewa sentensi, unaichora kwa matawi au jedwali. Mwanafunzi akiambiwa printa inachanganua barua, ana haki ya kutarajia ionyeshe kiima na kiarifu! Afadhali tambaza, ambalo walau linaonyesha mwanga ukipita juu ya karatasi. Wasemaji nao hawakungoja kamusi. Wanasema "hebu niskanie hii" na "nitakufaksia kesho." Wapo watakaokunja uso, lakini tazama walichokifanya: wameukopa mzizi na kuutia viambishi vya nafsi, wakati na kauli ya kutendea. Sarufi hiyo ni ya Kiswahili safi.

Zao la chai lenyewe lina somo. Kwa miongo mingi majani yalichunwa kwa mkono. Mashine zilipoingia katika mashamba makubwa, zilizua uchungu mkubwa wa kupoteza kazi, hata waandamanaji wakachoma baadhi yake huko Kericho mnamo Mei 2023. Katika mgogoro wote huo lugha haikutetereka. Watu walisema mashine inachuna, kama walivyosema mama anachuna. Kitenzi kilidumu kwa sababu kilitaja kazi, na wenye uchungu wakaweza kueleza bayana ni kazi gani wameporwa.

Yupo atakayesema faksi inakufa, kwa hiyo nahangaikia maiti. Ni kweli kwamba huduma ya afya ya Uingereza ilipigwa marufuku kununua mashine za faksi kuanzia Januari 2019. Lakini shida hii haitazikwa na faksi. Yeyote anayetuma hati kwa WhatsApp anajua tofauti ya tiki moja, tiki mbili na tiki za buluu. Watu wa kawaida tayari wanasema "imeenda", "imefika" na "ameisoma". Wametatua jambo ambalo vitabu vyetu havijaligusa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Urasmi huo hautimizwi kwa kukariri nukulishi. Rai yangu kwa watunzi wa vitabu na mitihani ni hii: nomino faksi ikopwe, tusiigombanie. Badala ya kumwuliza mwanafunzi jina la kifaa, mpeni printa na mwambieni aandike maagizo ambayo mtu asiyewahi kuigusa ataweza kuyafuata. Mtaala wa umilisi hauna kisingizio cha kukwepa zoezi hilo. Na karani wa Litein aweze kumjibu mzee hivi: "Nimeituma, baba, lakini bado haijafika. Keti kidogo tungoje."