Msikilizaji Asiyeshika Ufunguo

Mwanasaikolojia wa gereza huanza kazi kwa kutaja asichoweza. Mfungwa akishaketi, huelezwa mapema: kifungo chako siwezi kukipunguza, na ukinieleza kwamba unataka kujiua au kumdhuru mwenzako, hilo sitalificha. Mgeni atadhani huko ni kumfukuza mtu. Lakini mfungwa huyo amekwisha kuahidiwa mengi, na wakili, na ndugu, na madalali wa kesi. Anayeiwekea ahadi yake mpaka ndiye wa kwanza kuaminika.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Gerezani, anayeufunua huweza kuumia. Chozi la mchana huwa dhihaka selo usiku, na neno la siri halikawii kumfikia nyapara. Ukimya wa mfungwa basi ni busara, na mwenye fani huuheshimu. Hakasiriki akisimuliwa kisa kilekile kilichopelekwa mahakamani, kimenyooka, hakina doa. Hukisikiliza chote. Mama, mtoto na usiku wenyewe wa tukio huja baadaye, kwa vipande, na mara nyingi wakati ambapo hakuna aliyeuliza.

Mtihani mkubwa wa fani hii uko kwa waliohukumiwa kifo. Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, ila mahakama ziliendelea kutoa hukumu hiyo. Katika gereza la Kamiti na kwingineko, watu wakazeeka wakingoja kifo kisichokuja wala kufutwa. Mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki aliwabadilishia wafungwa zaidi ya 4,000 adhabu ikawa kifungo cha maisha. Mwaka 2016 Uhuru Kenyatta akawabadilishia 2,747. Desemba 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu, Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila kosa la mauaji kunakiuka Katiba.

Kisheria, hiyo ni nafuu. Kwa aliyejizoeza kutotumaini ili apate usingizi, tumaini ni kazi ngumu. Itambidi aulizie mtoto aliyemwacha mchanga, ambaye sasa ana watoto wake. Itambidi pia amtaje marehemu kwa jina, kwani kesi ikirudi mahakamani, familia ya marehemu nayo hurudi. Hapo msikilizaji hampambi mfungwa wala hamhukumu mara ya pili. Humsaidia kuyabeba yote mawili, aliyoyatenda na yaliyobaki ya maisha yake.

Anazijua pia saa za hatari: usiku wa kwanza wa mahabusu, siku ya hukumu, rufaa inapotupwa, habari za msiba ambao mfungwa hawezi kuuhudhuria. Hata juma la kuachiliwa lina hofu yake. Saa hizo hazungushi maneno. Huuliza wazi, "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halipandi wazo, mara nyingi humtua mtu mzigo aliokuwa akiubeba peke yake.

Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka huduma ya afya gerezani iwe na utaalamu wa kutosha wa saikolojia. Utaalamu huo hutumikia mabwana wawili, serikali inayolipa mshahara na mtu aliyefungwa na serikali hiyohiyo. Wengi wangekuwa na ndimi mbili. Mwanasaikolojia bora hujulikana kwa hili: lolote analompelekea mkuu wa gereza, mfungwa amekwisha kulisikia kwanza, kutoka kinywani mwake mwenyewe.