Maneno ya Kiingereza Yaanzayo na "gl" na Tafsiri Zake

Katika tafsiri nyingi tunazozipitia, maneno mafupi ya Kiingereza "glow", "glint", "glitter" na "glare" hupewa neno moja tu la Kiswahili, nalo ni kung'aa. Desturi hiyo hatuiafiki.

Ni kweli kwamba maneno hayo yanashiriki herufi mbili za mwanzo pamoja na wazo la mwanga. John Wallis aliujadili uhusiano wa namna hiyo katika sarufi yake ya mwaka 1653, na J. R. Firth akaupa jina la kitaalamu mwaka 1930. Lakini herufi si kanuni: "glue" ni gundi na "glove" ni glavu, wala hamna mwanga humo. Tena, kushiriki wazo si kuwa na maana moja.

Kaa la moto huwaka bila mwali. Hiyo ndiyo "glow". Kisu kikigeuzwa juani humeta mara moja. Hiyo ni "glint". Bahari usiku wa mbalamwezi humetameta. Hiyo ni "glitter". Ama "glare" ni mwanga mkali utiao kiwi cha macho. Dereva aambiwapo kuwa taa za gari lijalo zinang'aa, hajaonywa. Aambiwapo kuwa zatia kiwi, atapunguza mwendo.

Basi twapendekeza: kuwaka bila mwali, kumeta, kumetameta, kutia kiwi. Upungufu haumo katika Kiswahili, bali kwa mfasiri atoshekaye na neno la kwanza limjialo.