Faiba Haiozi, Mbao Ndizo Huoza

Kwa misimu miwili boti ya faiba ya futi 17 ililala chini ya mkungu katika ua wa nyumba moja mjini Tanga. Bluu yake ilikuwa imepauka kiasi kwamba kiganja kilichoipapasa kilirudi na unga mweupe, na kuku walikwishajipatia pa kutagia chini ya omo. Mwenyewe wa awali aliiegesha bila kufungua kizibo cha nyuma, masika ikaijaza hadi usawa wa viti. Aliyeinunua ni fundi umeme wa magari ambaye huvua siku za mapumziko. Aliipata kwa bei iliyowachekesha wenzake, na kitu cha kwanza alichoandika kwenye daftari la manunuzi kilikuwa rangi.

Hapo ndipo bajeti nyingi za boti huzama.

Pwani hii imeijua mbao kwa karne nyingi, na ujuzi huohuo ndio unaompoteza mtu anapokutana na faiba. Mashua iliyokaa nchi kavu viungo vyake huachana. Fundi akishaitia kalafati huishusha majini na kuiacha inywe, mbao zivimbe, zibanane. Maji ni sehemu ya ujenzi. Boti ya faiba hutaka kinyume chake kabisa. Ndani yake namo mna mbao, kwenye ukuta wa nyuma na chini ya sakafu, ila zimefungiwa kwenye ganda lisilopumua. Tone likipenya kwenye tundu la skrubu halina pa kutokea. Mbao hukaa na unyevu mwaka mzima, kuvu huota, na kinachobaki ni boti inayong'aa nje huku ndani imejaa kitu kinachofanana na machicha. Nyuzi za kioo na resini haziozi. Kinachooza ni kile kilichofichwa, nacho ndicho kilichostahili mstari wa kwanza wa daftari.

Uchunguzi haukugharimu hata senti. Alichukua nyundo ndogo akagonga sakafu na shetri, ule ukuta unaobeba mashine, kila baada ya upana wa kiganja. Faiba nzima hujibu kwa sauti kali na fupi, kama sahani. Palipooza hujibu kwa kishindo kizito, kama papai lililoiva kupita kiasi. Kila palipojibu vibaya alizungushia chaki. Baada ya saa moja chaki ilikuwa imefunika sakafu yote kuanzia kiti cha kati kurudi nyuma, na robo tatu ya shetri. Kwa uhakika zaidi alitoboa kwa drili matundu ya milimita 6 kutoka ndani, bila kufika upande wa pili. Unga uliotoka juu ulikuwa mkavu na wa rangi ya mbao. Wa chini ulitoka mweusi, ukashikamana vidoleni. Njia ya maji nayo ikaonekana: skrubu nne za mabano ya bomba fulani lililokwisha ng'olewa zamani, zilizopigwa moja kwa moja kwenye mbao bila hata tone la gundi. Skrubu nne tu!

Kabla ya kukata chochote, boti ilipaswa kukaa sawa. Sakafu na maboriti ya chini ndiyo yanayolishikilia umbo la ganda. Ukiyaondoa huku chombo kimelalia tairi mbili, ganda hulegea taratibu na kubonyea, na ukilifunga upya umeufunga na mbonyeo huo. Boti ya mashine hupanda juu ya maji kwa sababu chini yake, kuelekea nyuma, pamenyooka. Sentimita moja ya kosa hapo huifanya idunde au iinamishe pua. Kwa hiyo siku mbili nzima zilikwenda kwenye magogo, mifuko ya mchanga na mpira wa maji wa kupimia usawa. Jirani alidhani kazi haijaanza.

Shetri ilikula muda kuliko sehemu nyingine yoyote, na ni haki yake. Mashine ya nguvu za farasi 40, yenye uzito wa kilo sabini na kitu, huning'inia hapo, huisukuma boti nzima kupitia hapo, na kila wimbi huitikisa papo hapo. Alikata ganda la ndani peke yake, sentimita 5 kutoka ukingoni, la nje akaliacha. Uamuzi huo uliokoa pesa mara mbili: umbo la shetri halikupotea, na nje hapakuhitaji faiba mpya. Mbao ya zamani ilitoka kwa mkono zaidi kuliko kwa patasi, ndoo baada ya ndoo, ikinuka uyoga.

Badala yake palihitajika plaiwudi mbili za milimita 18 zilizobandikwa pamoja kufanya 36. Plaiwudi ya baharini ya kiwango cha BS 1088 ilikuwa juu ya uwezo wake, hivyo akaenda kwenye ile ya kawaida iliyogundishwa kwa gundi isiyoogopa maji. Neno la muuzaji halikumtosha. Aliomba vipande vya ukubwa wa kiganja katika maduka matatu, akavichemsha jikoni kwa saa nzima, akavianika, akavichemsha tena. Cha duka la kwanza kiliachana tabaka kwa tabaka kama chapati nzuri. Cha duka la tatu kilitoka kwenye sufuria kama kilivyoingia. Alitazama na kingo za plaiwudi yenyewe, kwa sababu pengo dogo kati ya tabaka zake ni mfereji wa maji ya kesho. Kigezo cha kukatia kilikuwa boksi la friji.

Vibanio vya kutosha hakuwa navyo. Shetri ingetobolewa matundu manne ya bolti za mashine hata hivyo, basi aliyatoboa mapema, akapitisha bolti za kuazima na vipande vya mbao nene pande zote mbili, akakaza kidogo kidogo mpaka gundi ikachungulia kingoni pande zote. Gundi isipochungulia mahali, hapo pana hewa, na penye hewa pana nafasi ya maji.

Kuhusu gundi ipo hesabu inayowachanganya wengi. Resini ya poliesta ni nafuu na hupatikana kwa kilo. Epoksi ni ghali mara kadhaa. Lakini poliesta haishiki mbao vizuri kama epoksi, na shetri si mahali pa kubahatisha. Tatizo la pili ni mpangilio: epoksi hushika vizuri juu ya poliesta iliyokwisha kauka, ilhali poliesta juu ya epoksi huweza kubanduka kama gamba. Ukishaweka epoksi mahali, hapo umeoa, utaendelea nayo. Fundi wetu aliipa shetri epoksi peke yake, gundi na faiba vyote, na viungo vya sakafu vinavyogusa shetri vikafuata njia hiyohiyo. Sakafu iliyobaki ikapata poliesta. Kwenye shetri alitumia kitambaa cha faiba kilichofumwa, si ile mati ya nyuzi zilizotawanywa. Nyuzi za mati hushikanishwa na kigundishi kinachoyeyuka ndani ya poliesta. Epoksi haikiyeyushi, hivyo mati hubaki ngumu kama kadi na kukataa kulala kwenye kona.

Daftari sasa lilibadilika: shilingi ziliwekwa kando, hesabu ikafanywa kwa kilo. Mati ya gramu 450 kwa mita ya mraba hunywa resini mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wake, na tabaka moja likikauka huwa na unene wa karibu milimita 1. Sakafu ilikuwa mita 5 za mraba, tabaka mbili: mita 10, kilo 4.5 za mati, resini kama kilo 10. Maboriti mawili ya chini, kila moja mita 3.5, yalifunikwa kwa ukanda wa sentimita 40 mara mbili: karibu kilo 6 za resini. Kilo 4 za kupaka upande wa chini wa plaiwudi na kuziba pembe. Jumla kilo 20. Mwenye hesabu hii huingia dukani akanunua mara moja. Asiye nayo huenda mara tano, na mara ya tano hukuta resini ya pipa lingine, lililozeeka kwenye joto la stoo.

Hesabu nzuri haikumzuia kupoteza. Siku ya kwanza ya poliesta alichanganya kilo 2 kwenye ndoo, saa saba mchana, kwa asilimia 2 ya hadina, dawa ya kuigandisha. Kipimo kinachokubalika ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo, lakini kipimo cha juu ni cha nchi zenye baridi. Resini hutoa joto inapoganda. Ikiwa nyingi kwenye chombo chenye kina, joto lake hujichochea lenyewe. Hajamaliza tabaka la kwanza, ndoo ikawa na jeli. Punde ikafuka moshi, kitako cha ndoo kikapinda. Sehemu ya kumi ya resini yote ikatupwa uani, ikipasukapasuka kama kuni mbichi.

Kuanzia hapo alichanganya gramu 300 kwa mara moja, kwenye beseni pana, hadina asilimia 1 iliyopimwa kwa bomba la sindano, na kazi ikaanza jua likishalegea. Alasiri ina faida nyingine isiyojulikana sana. Mbao inayopata joto hutoa hewa na kuacha vipovu kwenye resini. Inayopoa huivuta ndani. Chini ya asilimia 1 hakushuka, maana resini yenye hadina pungufu hubaki laini daima na dawa yake ni kuikwangua yote. Miwani hakuivua pia: hadina ikiingia jichoni inaweza kulipofusha.

Kusugua kwa grainda kuna adha yake. Vumbi la faiba ni sindano za kioo, humpata mtu shingoni na viwikoni na kumnyima usingizi. Barakoa yenye vichujio, mikono mirefu iliyofungwa kwa utepe, na kuoga maji baridi vilimsaidia. Na alijifunza kuosha kabla ya kusugua. Sakafu ya mvuvi imeshiba mafuta ya samaki. Grainda huyasukuma ndani ya faiba badala ya kuyaondoa, na resini mpya haitashika hapo. Sabuni kwanza, asetoni baadaye, grainda mwisho.

Chini ya sakafu ya zamani palikuwa na povu gumu la kuelea, limelowa kama sifongo. Povu lina sifa yake kubwa katika historia ya boti. Boston Whaler ya futi 13 ilitoka mwaka 1958 ikiwa na povu kati ya maganda mawili, na mwaka 1961 jarida la Life lilionyesha Dick Fisher, mwanzilishi wa kampuni iliyoitengeneza, ameketi ndani yake huku ikikatwa vipande viwili kwa msumeno, na bado inaelea. Lakini povu lililofungiwa na maji kwa miaka hulowa taratibu, na boti huongezeka uzito bila mwenyewe kujua. Povu jipya la kumimina lilikuwa ghali. Povu jeupe la masanduku ya samaki nalo halifai, kwani resini ya poliesta na petroli huliyeyusha. Alichukua madumu ya lita 5 ya mafuta ya kupikia, 40, akayakaza vifuniko kwa gundi. Lita 200 za hewa hubeba takriban kilo 200. Faiba yenyewe ikizama hupoteza zaidi ya nusu ya uzito wake, hivyo kiasi hicho kinatosha kuishikilia boti na mashine vikijaa maji. Mengi aliyafunga ubavuni, juu kidogo, kwa sababu hewa ikiwa yote chini ya sakafu, boti iliyojaa maji hupinduka tumbo juu.

Bolti ndizo hazikubanwa bei. Alitafuta zenye alama A4 kichwani, chuma kinachostahimili kutu ya maji ya chumvi. Zile zilizopakwa zinki hulia machozi ya kutu mapema. Kila tundu alilitoboa kubwa kuliko bolti, akalijaza epoksi, likakauka, akatoboa tena katikati. Hata gundi ya nje ikichoka, maji yatakutana na epoksi, hayatakutana na mbao. Kazi hiyo ilikula jioni tatu na haionekani popote.

Mashine iliyotumika aliijaribu kwa macho zaidi ya masikio. Alifungua skrubu ya mafuta ya gia chini: yangetoka meupe kama maziwa, sili ingekuwa imekufa na maji yameingia. Yalitoka meusi, ya zamani, lakini safi. Impela ya pampu ya maji aliibadilisha bila kuitazama sana.

Rangi ikafika mwisho, na kufikia hapo pesa zilikuwa zimekwisha. Ubavu mmoja ulisuguliwa kwa msasa wa maji, namba 400 hadi 1000, ukapigwa polishi, bluu ya awali ikarudi kwa kiasi cha kushangaza. Chini ya ule unga tabaka la nje lilikuwa bado zima. Dawa ya kuzuia viumbe vya baharini hakuinunua. Boti inayopandishwa ufukweni kila jioni haihitaji.

Waliishusha maji yakiwa yanajaa, yeye na mpwa wake, wakazunguka saa moja wakarudi. Walipoipandisha, mpwa akafungua kizibo, maji ya kiasi cha kikombe yakatiririka kiganjani mwa mjomba. Aliyaonja. Ya chumvi yangekuwa ya bahari, na kazi ingeanza upya. Hayakuwa na chumvi: yalikuwa ya bomba, masalia ya kuoshea boti asubuhi. Ubavu wa pili bado una unga mweupe.